Injini Isiyowaka na Istilahi Zisizoeleweka: Uhakiki wa Maelekezo ya Boti ya Jeti

Istilahi mbaya katika kitabu cha nahau humchosha mwanafunzi. Istilahi mbaya katika kitabu cha mitambo yaweza kumkata mtu vidole. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tuutazame kwa makini mswada mmoja wa Kiswahili unaoeleza jinsi ya kutafuta hitilafu katika injini ya boti ya jeti iliyokataa kuwaka. Hatutamtaja mfasiri wala aliyemwagiza kazi, kwani nia yetu si kumfedhehesha mtu. Makosa yaliyomo yanaonekana katika tafsiri nyingi za namna hii, na kuyachambua hapa kutawafaa wote wanaoishughulikia lugha ya ufundi.

Chombo chenyewe

Kabla ya kuhakiki majina hatuna budi kuvielewa vitu vinavyoitwa kwa majina hayo. Boti ya jeti haina rafadha inayoning'inia nje nyuma ya tezi. Injini yake imo ndani ya boti, nayo huzungusha pampu. Pampu hiyo huvuta maji kupitia mlango ulio chini ya boti, huyaongezea kasi, kisha huyatoa kwa nguvu nyuma kupitia mdomo mwembamba. Msukumo wa maji hayo ndio unaoipeleka boti mbele. Mdomo ukigeuzwa kushoto au kulia boti hugeuka. Na likishushwa bamba mfano wa kawa mbele ya mdomo huo, maji hurejeshwa upande wa omo na boti hurudi nyuma.

Aliyekifanya chombo hiki kijulikane ni William Hamilton wa New Zealand, mfugaji na mhandisi, ambaye katika miaka ya 1950 alitafuta njia ya kupanda mito ya kwao yenye maji machache na mawe mengi, ambamo rafadha ya kawaida huvunjika. Mwaka 1960 boti za aina hiyo zilipanda mto Colorado nchini Marekani kupitia Grand Canyon, na mwaka 1977 Edmund Hillary alizitumia kupanda mto Ganges kutoka baharini. Kwetu Afrika ya Mashariki watalii wamepata kuendeshwa katika boti hizo kwenye mto Nile karibu na Jinja, na jetiski zinazoonekana katika fukwe za pwani hutumia pampu ya namna hiyo hiyo. Basi si sahihi kusema kwamba jambo hili halituhusu. Vijana wanaovitengeneza vyombo hivi huzungumza Kiswahili, na wakipewa maelekezo ya Kiswahili wanastahili kupewa yanayoeleweka.

Jambo moja msomaji alishike tangu sasa, kwani tutalirejea. Boti nyingi za jeti hazina gia ya kuitenganisha injini na pampu. Injini ikizunguka, pampu nayo huzunguka papo hapo. Yanatokana na hilo mambo mawili. Kwanza, jiwe au kamba ikinasa katika pampu yaweza kuizuia injini nzima isizunguke. Pili, mtu aliyetia mkono ndani ya pampu wakati mwenzake anajaribu kuiwasha injini yumo katika hatari kubwa.

Kuanza, kuzunguka na kuwaka

Mswada unaanza kwa sentensi hii: "Ikiwa injini haianzi, fuata hatua zifuatazo." Kosa liko katika kitenzi. Katika Kiswahili mkutano huanza, mvua huanza, na ugomvi huanza. Injini huwaka. Mtoto wa mjini anayepita mbele ya gereji hulijua hilo, naye akisikia kwamba injini "haianzi" atauliza: haianzi kufanya nini?

Hata hivyo, ubovu wa sauti si hoja yetu kubwa. Hoja yetu ni kwamba kitenzi hicho kimezifunika hali nne ambazo fundi ni lazima azitenge kabla hajagusa spana. Hali ya kwanza ni injini kuwa kimya kabisa ufunguo unapozungushwa. Hali ya pili ni kusikika mgongo mmoja wa chuma, kisha kimya. Hali ya tatu ni selfu kuizungusha injini vizuri lakini injini isiwake. Hali ya nne ni injini kuwaka kisha ikazimika. Kila hali ina sababu zake. Iliyo kimya hutupeleka kwenye swichi ya usalama, fyuzi, nyaya na betri. Inayogonga mara moja hutupeleka kwenye betri dhaifu, viungo vya nyaya vilivyoshika kutu, au pampu iliyonaswa na kitu. Inayozunguka bila kuwaka hutupeleka kwenye petroli na cheche. Inayowaka na kuzimika mara nyingi hutuonyesha kwamba petroli haifiki ya kutosha, pengine kwa sababu kichujio kimeziba au tundu la hewa la tangi limefungwa.

Lugha yetu ina vitenzi vya kutosha kwa hali zote hizo: kuzunguka, kugonga, kuwaka, kuzimika. Mfasiri hakuhitaji kubuni neno hata moja. Alihitaji kusikiliza tu. Badala yake ameandika "haianzi" mara kumi na nne katika kurasa tatu, na msomaji hawezi kujua ni hali ipi inayosemwa mpaka ajaribu dawa zote.

Neno moja, dawa mbili zinazopingana

Tunafika mahali ambapo mswada unakuwa wa hatari. Umeandikwa: "Ikiwa injini imefurika, fungua kaba yote na uendelee kuizungusha." Katika lugha chanzi kitenzi hicho hutumika kwa injini iliyopata petroli kupita kiasi, hata plagi zikalowa na cheche isipatikane. Dawa ya hali hiyo ni kweli: hufunguliwa njia ya hewa, petroli haiongezwi, na injini huzungushwa kwa vipindi vifupi, visivyozidi sekunde 10 hivi kila kimoja, huku selfu ikipewa nafasi ya kupoa, mpaka petroli ya ziada ikauke.

Lakini Mswahili akiambiwa kwamba kitu kilichomo katika chombo cha majini kimefurika, hafikirii petroli. Hufikiri maji. Na maji yaweza kweli kuingia katika silinda za injini ya boti, ama kwa kurudi kupitia eksosi, ama boti ilipozama kidogo upande wa tezi. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda na kuyakuta, haina pa kuyapeleka, na mkono wa pistoni waweza kupinda au kuvunjika. Dawa ya hali hii ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza: usiizungushe injini kwa nguvu, toa plagi zote kwanza, kisha uizungushe polepole ili maji yatoke kupitia matundu ya plagi.

Basi tazama. Neno ni moja, hali ni mbili, na dawa ya hali moja ni sumu ya nyingine. Mtu mwangalifu, anayefuata kila agizo kama lilivyoandikwa, ndiye atakayeiharibu injini yake. Mzembe asiyesoma huenda akasalimika. Hatuoni aibu kubwa kwa kitabu cha mafunzo kuliko hiyo.

Tunapendekeza kwamba "kufurika" kusitumike kabisa kwa injini. Iliyozidiwa na petroli isemwe kwamba plagi zake zimelowa petroli. Iliyoingiwa na maji isemwe kwamba silinda zimeingia maji. Na maji yakijaa katika boti yenyewe, mabaharia wetu wana neno lao tangu zamani: maji yamo katika ngama, nayo hufuliwa. Mswada umelitumia neno "ngama" mahali pake, na tunampongeza mfasiri kwa hilo, lakini aliyelijua neno hilo angeweza pia kulikumbuka "kufua maji" asiandike "kutoa mafuriko ya chini."

Jeti ipi? Feni ipi?

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba dhana moja ipewe istilahi moja, na istilahi moja isibebeshwe dhana mbili katika uwanja mmoja. Mswada umeivunja kanuni hii mara nyingi, na mifano miwili yatosha.

Mfano wa kwanza ni "jeti". Katika gereji, jeti ni kile kitundu chembamba ndani ya kabureta kinachopitisha petroli. Kikiziba, injini huzunguka bila kuwaka, au huwaka kwa shida. Katika boti hii, jeti ni pampu nzima ya kusukuma maji. Nayo ikiziba kwa majani, mchanga au kamba, injini yaweza kushindwa kuzunguka. Mswada unasema: "Safisha jeti, kisha jaribu tena." Fundi wa magari atafungua kabureta. Mvuvi atashuka majini na kupitisha mkono chini ya boti. Wakiwa wawili katika boti moja, na kila mmoja amelielewa agizo kwa namna yake, aliye ndani atamaliza kazi yake ya kabureta na kuzungusha ufunguo huku mkono wa mwenzake ungali katika pampu. Tulikwisha kusema kwamba pampu haingojei gia.

Mfano wa pili ni "feni". Neno hili limetumiwa kwa vitu vitatu: kile chenye mapanga ya chuma kinachosukuma maji ndani ya pampu kubwa, kile kidogo cha mpira kinachozungusha maji ya kupozea katika baadhi ya injini, na chombo cha umeme kinachotoa hewa katika ngama. Agizo "angalia feni kabla ya kuwasha" lina maana ya maana sana kwa kitu cha tatu, na halina umuhimu huo kwa viwili vya kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutuama katika ngama, na cheche moja ya selfu yatosha kuulipua. Ndiyo maana waendeshaji wa boti za petroli zenye injini ya ndani hufundishwa kuiwasha feni ya ngama kwa muda wa dakika 4 hivi, na kunusa kama kuna harufu ya petroli, kabla ya kuugusa ufunguo. Aliyeelewa kwamba "feni" ni mapanga ya pampu atachungulia pampu, ataiona nzima, ataridhika, na ataiwasha injini juu ya mvuke.

Moto, ardhi, gesi na kifo

Yapo maneno mengine yanayohitaji kusemwa kwa kifupi.

"Gesi" imetumiwa kwa petroli, kwa kufuata desturi ya Wamarekani. Kwetu gesi ni ile ya kupikia, au hewa yoyote isiyo ya kawaida. Petroli tunayo, tena tunayo kwa jina hilo hilo Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kosa hili linazidi kuwa baya pale mswada unaposema "ondoa gesi katika ngama", kwani hapo haijulikani kama ni petroli iliyomwagika au mvuke wake.

"Hakikisha kwamba betri imekaa ardhini" ni tafsiri sisisi. Kinachotakiwa ni kwamba waya wa hasi wa betri uwe umeshikana barabara na mwili wa injini. Mafundi huuita waya wa ethi, na tunaona liachwe hivyo. Boti iko majini. Ardhi iko mbali.

"Betri mfu" nayo inapoteza fedha za watu. Kwa Waswahili betri iliyokufa ni ya kutupwa. Iliyopungua nguvu tu imeisha chaji, nayo huchajiwa ikafanya kazi tena. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha karibu na 12 imekwisha, lakini haijafa. Kuna watu watakaonunua betri mpya kwa sababu ya kivumishi kimoja.

"Swichi ya kuua" ni jina linalotisha bila sababu. Ni ile swichi yenye kamba ambayo nahodha huifunga mkononi au kwenye jaketi lake. Akianguka majini, kamba huchomoka na injini huzimika. Kazi yake ni kumwokoa mtu, nayo imeitwa kwa jina la kumwua. Tena ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya injini kutowaka: kamba haikurudishwa mahali pake. Kwa jina lile, wengi hawatataka hata kuigusa. Iitwe swichi ya kamba, au swichi ya usalama.

Liko na jambo ambalo lawama yake haimwendei mfasiri peke yake. Mafundi wetu husema "moto" kwa maana ya umeme: moto haufiki kwenye plagi, betri imeisha moto. Katika gari hakuna anayekosea. Lakini katika boti ya petroli, ambamo hatari kubwa ni moto wenyewe, hatuwezi kuandika "hakikisha moto unafika kwenye plagi" na ukurasa wa pili tukaandika "jihadhari na moto". Hapa neno la gereji halifai, na mwandishi wa istilahi ana wajibu wa kusema hivyo. Tuandike umeme kwa kinachopita katika waya, cheche kwa kinachoruka katika plagi, na moto kwa kinachounguza.

Gereji na ofisi

Kutokana na mfano huo wa mwisho msomaji ataona kwamba hatusemi kila neno la fundi likubaliwe. Wala hatusemi kila neno lililobuniwa likataliwe. Mswada huu una makosa ya pande zote mbili. Mahali pamoja umefuata lugha chanzi neno kwa neno, kama katika "ardhini" na "kuua". Mahali pengine umebuni maneno ambayo hayana mwenyewe: plagi, ambayo hata wasiojua kusoma wanaijua, imeitwa "kichomozacheche", na selfu imeitwa "kianzishi". Aliyebuni maneno hayo bila shaka alitaka kukitukuza Kiswahili. Lakini lugha hutukuzwa kwa kufanya kazi. Neno ambalo fundi hulazimika kulitafsiri kwa neno alilokwisha kuwa nalo ni mzigo juu ya mzigo.

Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, swali hili limekuwa likirudi: tuanzie kwa nani? Sisi tunaona kwamba katika fani za ufundi tuanzie kwa anayeshika kifaa. Neno lake likiwa linatosha, lisajiliwe. Likiwa linachanganya, kama "moto" na "jeti", litenganishwe. Pale ambapo hana neno, ndipo ofisi ibuni, nayo kwanza itazame hazina iliyopo ya mabaharia, wavuvi na waashi kabla ya kwenda mbali. Lugha iliyokuwa na jina la kila kamba ya jahazi haiwezi kukosa jina la bamba la chuma.

Mapendekezo

Kwa kufuata njia hiyo tunatoa istilahi hizi zijadiliwe:

Boti ya jeti: jina la chombo kizima, liendelee kutumika. "Jeti" peke yake isitumike katika maelekezo.

Pampu ya msukumo: pampu inayoisukuma boti.

Rafadha ya pampu: mapanga ya chuma yanayozunguka ndani ya pampu ya msukumo. Rafadha ni neno la zamani la kile kinachosukuma meli, na kazi ni ile ile.

Mapezi ya kupozea: kizungushi cha mpira katika pampu ya maji ya kupozea injini.

Feni ya ngama: chombo cha umeme cha kutoa mvuke katika ngama.

Chanja ya pampu: vyuma vilivyopangwa kwenye mlango wa maji chini ya boti kuzuia mawe na majani. Mvuvi anayekausha samaki juu ya chanja hatahitaji kuelezwa umbo lake.

Mdomo wa pampu: mahali yanapotokea maji ya msukumo.

Kawa ya kurudi nyuma: bamba linaloshushwa kufunika mdomo wa pampu na kuyarudisha maji.

Tundu la kabureta: kitundu cha kupimia petroli.

Swichi ya kamba: kama ilivyoelezwa.

Kwa istilahi hizo, agizo lililokuwa "safisha jeti, kisha jaribu tena" litaandikwa hivi: "Zima umeme, chomoa kamba ya swichi na ukae nayo mwenyewe. Kagua chanja na rafadha ya pampu. Toa mawe, majani au kamba iliyonasa. Hakikisha hakuna mtu aliye karibu na pampu, ndipo urudishe kamba na kuwasha." Ni refu zaidi, tunakubali. Lakini hakuna neno ndani yake ambalo mtu wa Tanga au wa Kisumu hatalielewa, na hakuna mahali ambapo watu wawili watalielewa kwa namna mbili.

Mfasiri wa mswada huu ana sifa ambazo hatupendi zisahauliwe. Sentensi zake ni fupi, mpangilio wake ni mzuri, na michoro yake imewekwa karibu na maelezo. Tunamshauri achukue mswada wake mpaka gereji moja na bandari moja, amsomee fundi na nahodha kwa sauti, na kila watakapomwuliza "unasema nini?" atie alama. Alama hizo zitamfaa kuliko uhakiki huu.

Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza, hasa mabaharia wa visiwani na mafundi wa maziwa makuu, wanaombwa wayalete ili yafikiriwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.